MAMBO YA NYUMBANI: Rangi ya Chumba Huulizwa Ukutani, Si Dukani



Barua nyingi zinazoletwa kwenye ukurasa huu huuliza habari za karo, za mbegu na za mikopo. Juma hili nimepokea moja ya namna nyingine, nayo imenigusa kwa sababu yahusu jambo ambalo mimi mwenyewe nimelilipia kwa fedha na kwa aibu. Mkulima mmoja wa upande wa Bomet aandika ya kwamba amekwisha kumaliza nyumba yake ya matofali yenye vyumba vinne, bonasi ya chai imeingia, na sasa yeye na mkewe hawapatani juu ya rangi ya ndani. Mama ataka waridi sebuleni. Baba ataka kijani kilichokoza, kama majani ya chai yenyewe. Fundi naye awaambia ya kwamba watu wa siku hizi hupaka kijivu. Mwisho auliza, "Bwana Karani, kati yetu ni nani asemaye kweli?"

Ndugu yangu, kabla sijakujibu, niruhusu nikueleze yaliyonipata.

Miaka michache iliyopita nilijenga nyumba kwenye shamba la marehemu baba yangu. Mama mzazi, ambaye ni mtu mzima sana, alikuja kukaa nasi. Wakati huo kazi ya serikali ilinipeleka safarini, nikalala katika nyumba moja ya wageni ambayo ukumbi wake ulipakwa buluu iliyokoza, tena yenye kung'aa. Palikuwa na madirisha marefu, na taa nyingi darini. Niliipenda rangi ile hata nikaota nayo. Niliporudi nilinunua galoni tatu za rangi ya mafuta ya namna ileile, nikamwita fundi, nikamwambia apake. Fundi yule, mzee mwenye uzoefu, alibandika kiganja chake ukutani akasema, "Bwana Karani, ukuta huu bado wanywa maji." Plasta ilikuwa na majuma mawili tu. Nikamjibu ya kwamba wageni wangu wanakuja mwisho wa mwezi. Akatii, maana fedha zilikuwa zangu.

Wageni walikuja, wakasifu. Lakini mama hakukaa sebuleni. Kila siku baada ya chakula cha mchana aliondoka polepole, akaenda kukaa jikoni kwenye kibanda cha zamani, karibu na mlango. Nilidhani ya kwamba amekasirika. Nilipomwuliza, alinijibu kwa upole, "Mwanangu, chumba chako ni kizuri, lakini humo ndani jioni huingia mapema mno." Nikacheka, nikaona ni maneno ya wazee.

Siku moja, yapata saa tisa, mvua ilikuwa ikinyesha kama kawaida ya kwetu. Mama aliingia sebuleni kumtafuta mjukuu wake. Hakuiona stuli ya mti mweusi iliyokuwa mbele ya ukuta ule wa buluu. Akaanguka, akavunjika mkono. Alifungwa plasta majuma sita. Na kabla mkono haujapona, rangi yenyewe ilianza kuvimba kama ngozi iliyoungua, ikabanduka vipande vipande kwenye ukuta wa nje, na nyuma yake kuvu mweusi akachipuka. Fedha zangu zilipotea mara mbili: mara ya kupaka na mara ya kukwangua.

Tangu siku ile nimejifunza kwa mafundi na kwa vitabu, na haya ndiyo niliyoyapata.

MWANGA KWANZA

Rangi haina nguvu yake yenyewe. Hutumia mwanga uliomo chumbani. Ukuta mweupe ulio safi hurudisha yapata sehemu nane katika kila kumi za mwanga unaoupiga. Rangi ya malai hurudisha kama sehemu saba. Buluu au kijani kilichokoza hurudisha sehemu moja tu, na mara nyingine haifiki. Maana yake ni kwamba mtu anayepaka chumba kidogo rangi nzito amelifumba dirisha lake, na usiku ameipunguza nguvu ya taa yake, ingawa bei ya umeme haikupungua.

Vitabu vingi vya mapambo ya nyumba vimeandikwa Ulaya na Marekani, navyo huonya ya kwamba chumba kinachotazama kaskazini hakipati jua. Kwao ni kweli. Sisi wa Kericho na Bomet tumekaa kusini kidogo tu mwa mstari wa Ikweta. Kutoka mwezi wa Machi mpaka Septemba jua hupita upande wetu wa kaskazini, na kutoka Septemba mpaka Machi hupita kusini. Tena saa za adhuhuri huwa juu ya paa, wala haliingii sana madirishani. Kwa hiyo kwetu kaskazini na kusini si neno kubwa. Lililo kubwa ni mashariki na magharibi.

Na hapa kila mkulima wa chai ajua tabia ya mbingu yetu. Asubuhi huwa na jua zuri. Adhuhuri mawingu hukusanyika. Alasiri upepo wa kutoka upande wa Ziwa la Viktoria hukutana na nyanda zetu za juu, na mvua hushuka, pengine na mawe yake. Basi chumba cha mashariki hupata mwanga mwingi wa asubuhi, bali chumba cha magharibi, ambacho mahali pengine pa Kenya huchomwa na jua la jioni, kwetu mara nyingi hupata wingu. Sebule yangu yatazama magharibi. Niliipaka rangi ya usiku katika chumba ambacho tayari usiku wake huanza saa tisa.

Yafaa pia kukumbuka macho ya wazee. Jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha ndani mwanga kiasi cha theluthi moja tu ya ule upitishwao na jicho la kijana wa miaka 20. Kijana akisema, "Naona vizuri," asidhani ya kwamba amesema kwa niaba ya mama yake. Mzee ahitaji ukuta mweupeupe, na zaidi ya hayo ahitaji vitu vitengane: mlango na fremu yake viwe na rangi iliyokoza kuliko ukuta, na ukingo wa ngazi upakwe mstari unaoonekana. Mahali ambapo kila kitu kina rangi moja, mguu hauna wa kuuongoza.

UKUTA UKAUKE

Jambo la pili ni unyevu. Nyanda za Kericho hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, nayo hunyesha karibu miezi yote. Plasta mpya ya saruji yahitaji angalau majuma manne kabla ya kupakwa, na kwetu, ikiwa ni majira ya mvua nyingi, afadhali ingoje zaidi. Saruji mbichi ina ukali kama wa magadi, ambao huila rangi ya mafuta na kuigeuza kama sabuni. Kadhalika rangi ya mafuta hufunga ukuta; maji yaliyomo ndani yakitaka kutoka huisukuma, nayo huvimba.

Njia ya kupima ni rahisi. Chukua kipande cha karatasi ya nailoni cha ukubwa wa daftari, kibandike ukutani kwa utepe pande zote nne, ukiache usiku na mchana. Ukikuta matone nyuma yake, ukuta haujawa tayari. Na kama ukuta wa zamani hauwi mkavu hata kidogo, usilaumu rangi: tazama mfereji wa bati, tazama udongo uliorundikana nje kwenye msingi, tazama kama paa limetokeza vya kutosha kukinga ukuta. Rangi si dawa ya paa linalovuja.

Kuvu aliyekwisha kuota asifunikwe kwa rangi. Aoshwe kwanza kwa maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, bila kuichanganya na dawa nyingine yoyote, madirisha yakiwa wazi, kisha ukuta ukauke. Kwa vyumba vya kulala na sebule, rangi ya maji ndiyo ifaayo, kwa kuwa huacha ukuta upumue kuliko ile ya mafuta.

CHUMBA KWA CHUMBA

Sasa tuje kwenye rangi zenyewe.

Dari iwe nyeupe katika kila chumba. Hili halina mabishano, kwa maana dari ndiyo inayorudisha mwanga chini kwenye meza ya mtoto anayesoma.

Sebule iwe na rangi ya joto lakini nyepesi: malai, manjano hafifu, au rangi ya pichi iliyopauka. Kericho ipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wetu una baridi. Kule Mombasa mtu hufurahia samawati na nyeupe tupu kwa sababu atafuta ubaridi. Sisi ubaridi tunao wa kutosha, tunautafutia blanketi. Kijivu kinachosifiwa siku hizi chaweza kupendeza katika chumba chenye jua jingi. Lakini siku ya mvua, pamoja na wingu la kijivu dirishani, humfanya mtu ajione amekaa ndani ya wingu lenyewe. Tena mwanga unaoingia dirishani baada ya kupita juu ya majani ya chai huja na ukijani kidogo. Nyeupe kali huuonyesha, malai huupoza.

Chumba cha kulala cha mashariki chaweza kuvumilia rangi tulivu zaidi, kama waridi hafifu, samawati nyepesi au kijani cha majani machanga, kwa kuwa jua la asubuhi litakisaidia. Chumba cha watoto kisipakwe rangi ya ajabu kwa kupendezwa kwa siku moja. Watoto hukua upesi kuliko rangi inavyochakaa.

Ushoroba na ukuta wa mlangoni vina adui wao, naye ni udongo wetu mwekundu. Hapa yafaa tuige desturi ya zamani ya ofisi za serikali, shule na hospitali: sehemu ya chini ya ukuta, kama futi tatu na nusu au nne kutoka sakafuni, ipakwe rangi iliyokoza ya mafuta, kahawia au hudhurungi, ambayo huoshwa kwa kitambaa, na juu yake iwe malai. Watu huicheka desturi hii wakisema ya kwamba yawakumbusha korokoroni. Lakini mwenye watoto watano na ng'ombe wawili hacheki.

Jikoni penye kuni, moshi ndio mpakaji mkuu. Ukipaka rangi ya maji juu ya masizi, baada ya mwezi mmoja madoa ya rangi ya chai ya mkandaa yatatokeza. Ukuta sharti usuguliwe kwa maji ya moto na sabuni, ukauke, upakwe andakoti ya mafuta ya kuzuia madoa, ndipo upakwe rangi. Na aliye na uwezo ajenge dohani kwanza, maana moshi unaochafua ukuta wapita vilevile katika vifua vya akina mama.

HABARI ZA CHOKAA

Pengine msomaji mwingine asema, "Nyumba yangu ni ya udongo, haya ni mambo ya wenye matofali." Sivyo. Mama zetu walijua kupamba nyumba kabla ya duka la kwanza la rangi kufunguliwa hapa. Walisiliba kuta kwa udongo na samadi, wakazinyosha kwa mikono, wakatumia majivu na udongo wa rangi mbalimbali. Na tangu kampuni kubwa zilipoanza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, tumezoea kuona nyumba za wafanyakazi zilizopakwa chokaa nyeupe katikati ya kijani.

Chokaa ni rangi ya heshima. Yachomwa karibu nasi, kule Koru, ukiteremka kuelekea Muhoroni. Bei yake ni ndogo, huacha ukuta wa udongo upumue, na ukali wake huzuia kuvu. Ichanganywe na maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, ukuta ulowanishwe kidogo, kisha ipakwe mara tatu au nne nyembamba, wala si mara moja nzito. Ukitaka kuitia rangi, tumia udongo mwekundu au wa manjano uliochujwa vizuri. Rangi nyingine nyingi huliwa na chokaa zikapauka. Upungufu wake ni kwamba hupaka nguo za anayeegemea, na yahitaji kurudiwa kila mwaka. Tena ni adui wa macho: anayeichanganya avae miwani, na watoto wakae mbali.

HATARI YA RISASI

Neno moja zito. Zamani rangi nyingi zilitiwa madini ya risasi ili zing'ae na kudumu. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi chake kilichothibitishwa kuwa salama. Mataifa yalikwisha kujua hatari hii zamani: mwaka wa 1921 Shirika la Kazi Duniani lilifanya mapatano ya kuzuia rangi nyeupe ya risasi katika kupaka ndani ya majengo, na Marekani iliikataza rangi ya risasi majumbani mwaka wa 1978. Hapa Kenya kiwango kilichowekwa hakiruhusu risasi kuzidi sehemu 90 katika sehemu milioni za rangi. Kwa hiyo nunua kopo lililofungwa, lenye jina la mtengenezaji na alama ya ubora, na usome kama limeandikwa ya kwamba halina risasi. Rangi ya kupimiwa katika chupa isiyo na jina ni rahisi leo na ghali kesho. Na ukikwangua rangi ya zamani, lowanisha ukuta kwanza, watoto watoke nje, na vipande vyote vikusanywe. Vumbi lake lisiachwe sakafuni ambapo mtoto atambaa.

HESABU NA JARIBIO

Mkulima hupima mbolea. Basi apime na rangi. Chukua chumba cha futi 12 kwa futi 10, chenye kimo cha futi 9. Mzunguko wake ni futi 44. Zidisha kwa 9, upate futi za mraba 396. Toa mlango mmoja na madirisha mawili, yapata futi 53. Zabaki 343, yaani kama mita za mraba 32. Kwa kupaka mara mbili ni mita 64. Lita moja ya rangi ya maji juu ya plasta laini hufunika kama mita 10. Wahitaji lita sita na nusu hivi, maana yake galoni mbili za lita nne, na kidogo kitabaki cha kuziba alama za baadaye. Fundi akikuambia galoni tano, mwombe akuonyeshe hesabu yake.

Lakini kabla ya galoni, nunua lita moja tu. Paka kipande cha futi tatu kwa tatu kwenye ukuta wenye giza kuliko zote, upake mara mbili, ukiache siku tatu. Kitazame asubuhi jua likiwaka. Kitazame saa tisa mvua inaponyesha. Kitazame usiku kwa taa yako mwenyewe, maana balbu nyeupe na balbu ya manjano hazionyeshi rangi moja. Kumbuka ya kwamba rangi ikienea kuta nne huonekana nzito kuliko ilivyo kwenye karatasi ndogo ya dukani. Ukisitasita kati ya mbili, chukua iliyo nyepesi. Na mwisho, mwite aliye mzee kuliko wote nyumbani, mkalishe hapo, umwulize kama aweza kuona uzi katika tundu la sindano.

Basi, ndugu yangu wa Bomet, jibu lako ni hili. Mkeo apewe waridi lake, liwe hafifu, katika chumba cha kulala kinachotazama macheo. Wewe upewe kijani chako kwenye milango na fremu, mahali ambapo kukoza kwake kutawasaidia watu kuona. Fundi apewe ujira wake, na kijivu akipake mlango wa ghala. Sebule iwe ya malai, kwa kuwa ni ya wote, na alasiri ya kwetu ni ya mvua.

Sebule yangu mimi niliirudia mwaka uliofuata, baada ya ukuta kukauka kabisa na mfereji wa bati kutengenezwa: malai juu, kahawia chini, dari nyeupe. Yule fundi mzee alibandika tena kiganja chake ukutani, safari hii akatikisa kichwa kwa kukubali, wala hakusema neno. Siku ya tatu, mvua ikinyesha, nilirudi kutoka kazini nikamkuta mama amekaa karibu na dirisha, akichambua maharagwe katika ungo, na wajukuu miguuni pake wakimwita Kogo, Kogo, awasimulie hadithi. Aliniona nimesimama mlangoni na koti langu lililolowa. Akasema, "Funga mlango, mwanangu, baridi yaingia." Hakutaja rangi kabisa. Nami sikumwuliza.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya mifereji ya mabati na namna ya kuweka tangi la maji ya mvua, kwa kuwa watatu wameandika kuuliza habari hiyo.